Jicho la Juu ya Nguzo

Mwaka 1928, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mhandisi wa ishara za reli aitwaye Charles Adler alitundika kijisanduku chenye maikrofoni kwenye nguzo iliyokuwa kando ya njia panda. Taa za hapo ziliwapa nafasi magari ya barabara kubwa muda wote. Dereva aliyetokea barabara ndogo alitakiwa apige honi. Maikrofoni isikie, taa zibadilike, naye apite. Katika historia ya uhandisi wa barabara, hiyo ndiyo njia panda ya kwanza ambapo gari liliweza kuiambia taa kwamba lipo. Karibu wakati huohuo Henry Haugh, mhandisi wa umeme, alikuja na njia nyingine: mabamba mawili ya chuma yaliyolazwa barabarani, ambayo gurudumu likiyakanyaga hugusana na kupeleka habari. Mabamba ndiyo yaliyoshinda, yakatumika kwa zaidi ya miaka 30, na si ajabu, maana nani angependa kulala jirani na mahali ambapo kila mpita njia ni lazima apige honi? Lakini kifaa cha Adler kinanivuta zaidi, kwa kuwa kiliweka wazi jambo ambalo vifaa vilivyofuata vimelificha. Pale Baltimore, mwenye honi alisikiwa. Mwenye baiskeli, mwenye kusukuma mkokoteni na mtu wa miguu hawakuwa na honi, na kwa maikrofoni ile hawakuwapo duniani.

Swali ninalolifuata hapa ni la falsafa, na kwa sehemu kubwa ni la dini, ingawa limejibanza ndani ya jambo linaloonekana kuwa la mafundi tu. Je, mtu anaweza kutendewa haki na mamlaka isiyomwona? Tangu Aristotle, wanafalsafa wengi wameizungumza haki ya mgawanyo kana kwamba kazi yote ni kuamua nani apate kiasi gani. Wamechukulia kwamba walioketi jamvini wanajulikana, na kilichobaki ni kupakua. Mimi naona kazi inaanza mapema zaidi, mlangoni, pale inapoamuliwa nani ahesabiwe kuwa amefika. Taa ya barabarani inagawa kitu kimoja tu, nacho ni muda. Inaugawa mamia ya mara kwa siku, kwa watu wasiojuana, bila kusikiliza maelezo ya yeyote. Kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, maana hakuna hotuba za kulifunika. Hoja yangu ni kwamba kuhama kutoka waya uliofukiwa ndani ya lami hadi kitambuzi kilichofungwa juu ya nguzo, jambo ambalo wahandisi hulizungumza kama suala la gharama na matengenezo, ni hatua ya kimaadili, kwa sababu inabadilisha orodha ya wanaoonwa.

Tuutazame kwanza waya wenyewe, maana umetawala barabara za nchi tajiri tangu miaka ya 1960. Fundi huikata lami kwa msumeno, mfereji mwembamba wenye umbo la mraba au mstatili, kisha huzungusha ndani yake waya mizunguko michache na kuuziba. Makovu hayo meusi huonekana karibu na mstari wa kusimamia magari. Wengi huyakanyaga kila siku bila kujua ni ya nini. Ndani ya waya unapita mkondo wa umeme unaobadilika haraka, nao hujenga uga wa sumaku juu ya lami. Gari likisimama pale, chuma chake huuvuruga uga huo, na kisanduku kilicho kando ya barabara kinasoma badiliko na kusema: kuna mtu anasubiri. Ni kifaa imara. Mvua haikisumbui, wala ukungu, wala giza. Lakini ukikichunguza utaona kwamba hakisemi kuna mtu. Kinasema kuna chuma. Tani moja na nusu ya chuma iliyombeba mtu mmoja aliyesahau kitu dukani inaonwa mara moja. Mwendesha pikipiki mara nyingine haonwi. Mwendesha baiskeli ndiyo kabisa, na huko Uingereza na Marekani waendesha baiskeli hufundishana kuliweka gurudumu sawasawa juu ya lile kovu, mahali ambapo uga una nguvu zaidi, ili angalau wabahatishe. Mtu aliyesimama kwa miguu yake, hata akiruka juu ya waya huo asubuhi hadi jioni, kwa waya ni hewa.

Jambo hili limezaa tukio la kisheria ambalo nadhani halijapewa uzito unaostahili. Majimbo kadhaa ya Marekani, Tennessee na Minnesota yakiwemo, yametunga sheria zinazompa mwenye pikipiki au baiskeli ruhusa au utetezi: akisimama kwenye taa nyekundu, akangoja kwa muda wa kutosha, na ikawa dhahiri kwamba taa haimtambui, basi anaweza kupita kwa uangalifu. Hebu tuyapime maana yake maneno hayo. Watunga sheria, ambao hawakuwa wakifanya falsafa bali walikuwa wakijibu malalamiko ya wapiga kura, wamekiri kwamba amri isiyomtambua mtu haina nguvu kamili juu yake. Utii unadai kutambuliwa. Wanazuoni wa dini na wa sheria wamebishana kwa karne nyingi juu ya chanzo cha wajibu wa raia kwa mtawala, wengine wakisema ni mkataba, wengine ni neema, wengine ni hofu. Na hapa, kwenye lami ya Tennessee, kuna jibu dogo lenye uzito: huwezi kuniamuru ningoje zamu yangu ikiwa kwako mimi sina zamu.

Anayetaka kuona jinsi kutokuonwa kunavyogeuka kuwa hesabu, na amtazame F. V. Webster, mtafiti wa Kiingereza aliyechapisha mwaka 1958 kazi juu ya kupanga muda wa taa. Kanuni yake ya kutafuta urefu wa mzunguko wa taa bado inafundishwa vyuoni duniani kote, na kwa haki kabisa, kwa kuwa ni kazi safi. Lengo lake ni kupunguza wastani wa muda ambao magari yanapotezewa. Kwa kuwa magari hayafanani, wahandisi huyageuza yote kuwa kipimo kimoja, yaani gari dogo. Katika viwango vya Uingereza vilivyotumika kwa taa, basi lilihesabiwa kama magari madogo mawili hivi, pikipiki kama sehemu nne za kumi, na baiskeli kama sehemu mbili za kumi za gari. Kipimo hicho hakikuwa na nia mbaya. Kinapima nafasi inayochukuliwa barabarani, si thamani ya mtu. Lakini kikishaingia kwenye hesabu inayogawa muda, nafasi inageuka kuwa stahili. Basi lililobeba watu 60 linadai mara mbili tu ya gari lenye dereva peke yake. Mwendesha baiskeli anakuwa moja ya tano ya jirani yake. Na mtembea kwa miguu hana namba kabisa katika orodha hiyo. Anaingia baadaye, kama muda wa chini usioweza kukwepwa, kama gharama. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya waliokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Sisemi kwamba kanuni ya Webster ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba waliokufa kwa wingi ndio haohao ambao vyombo vyetu vya kuhesabu vimekuwa vizito kuwahesabu, na kwamba si busara kuyatazama mambo hayo mawili kana kwamba hayajuani.

Dini zetu zina kisa kinachoingia moja kwa moja katika jambo hili. Ni kisa cha Hajiri, ambaye Waislamu humwita Bi Hajar. Katika kitabu cha Mwanzo yeye ni mjakazi, mgeni kutoka Misri, mjamzito, aliyetoroka mateso ya bibi yake na kukaa jangwani karibu na chemchemi, kando ya njia. Hakuna mamlaka ya siku zile iliyomhesabu isipokuwa kama mali ya mtu. Anapokutwa pale na malaika, anafanya jambo la ujasiri mkubwa: anampa Mungu jina, na jina hilo linatokana na kuona. Mungu wake ni yule anayemwona. Katika mapokeo ya Kiislamu yuko kwenye bonde kavu na mtoto mchanga, anakimbia mara saba kati ya Safa na Marwa akitafuta msaada, hadi maji ya Zamzam yanapotoka; na hadi leo mamilioni ya mahujaji, matajiri kwa maskini, wanazifuata nyayo za mwanamke yule ambaye hapakuwa na jicho la binadamu la kumtazama. Katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu lipo Al-Basir, Mwenye Kuona. Linalonigusa katika visa vyote viwili ni mpangilio wake. Hajiri hapewi kwanza hukumu ya haki, wala mgawo, wala fidia. Kinachotangulia ni kuonwa, na mengine yanafuata. Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki mwaka 1943, aliifikia fikra hiyohiyo kwa njia nyingine aliposhikilia kwamba kumkazia mwenye dhiki macho na akili, kikamilifu, ni jambo adimu lililo karibu sana na sala.

Sasa turudi kwenye nguzo. Vitambuzi vya juu ya ardhi ni vya aina nyingi: visanduku vidogo vya rada vinavyokaa juu ya taa vikielekezwa kwa magari yanayokuja, vitambuzi vinavyopokea joto la mwili, kamera za video zinazosoma picha, na vile vya sauti isiyosikika na binadamu, ambavyo Japani imevitumia kwa wingi juu ya barabara zake. Wahandisi walivipenda kwanza kwa sababu za kawaida. Waya wa ndani ya lami hukatika kila mara wachimbaji wa mabomba wanapopita. Kuutengeneza ni kufunga barabara. Cha juu ya nguzo kinafungwa kwa ngazi. Lakini kuhama huko kulileta jambo ambalo waya usingeweza kulileta hata ungefanyiwa nini. Kitambuzi cha joto hakiulizi chuma, kinauliza mwili. Rada inayoelekezwa ukingoni mwa barabara inamwona mama mwenye mtoto mgongoni sawasawa na anavyoonwa mwenye gari upande wa pili. Kwa mara ya kwanza, ngozi na damu zimekuwa ushahidi unaotosha mbele ya taa.

Mfano ninaoujua kuwa mkamilifu zaidi ni kivuko ambacho Waingereza walianza kukiweka miaka ya 1990 na kukiita Puffin. Kabla yake, tangu 1969, walikuwa na Pelican, ambacho mtu alibonyeza kitufe na kupewa muda uliopangwa, wa kutosha au usiotosha. Kwenye Puffin mtu bado anabonyeza kitufe, lakini juu ya nguzo kuna macho mawili ya namna mbili. La kwanza linatazama ukingo wa barabara, pale anaposubiri: akiondoka, au akiona upenyo na kuvuka kabla ya zamu yake, ombi linafutwa, na magari hayasimamishwi kwa ajili ya kivuli cha mtu aliyekwisha kwenda zake. La pili linatazama kivuko chenyewe, na maadamu kuna mtu kati ya barabara, taa nyekundu ya magari inaongezewa muda, mpaka kikomo kilichowekwa. Tulifanyie hesabu jambo hili, kwa kuwa uzito wake uko kwenye sekunde. Waingereza kwa muda mrefu wamepanga vivuko kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Watafiti waliochunguza takwimu za afya za Uingereza walikuta, na kuchapisha mwaka 2012, kwamba wastani wa mwendo wa watu wa miaka 65 na zaidi ni mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Barabara yenye upana wa mita 12 inahitaji sekunde 10 kwa mtu wa kwenye kitabu. Bibi anayekwenda mita 0.8 anahitaji 15. Zile sekunde tano za mwisho, akiwa ameshapita katikati, mkoba mkononi, injini zikiunguruma pembeni mwake, hazimo kwenye mpango wowote isipokuwa kuna kitu kinachomtazama. Singapore, kuanzia majaribio ya mwaka 2009, ilichagua njia nyingine: mzee anagusisha kadi yake kwenye nguzo, na kivuko kinamwongezea kati ya sekunde 3 na 13 kulingana na upana wa barabara. Ni jambo jema, ila bado linamdai aombe na athibitishe uzee wake. Jicho la juu ya kivuko halimdai chochote. Linamwona bado yuko barabarani, basi linangoja.

Kuna atakayesema kwamba nimeghafilika, kwamba mashine haioni. Inapokea mwangwi wa mawimbi, inalinganisha na kiwango, inafunga swichi. Kuita hilo kuona, na kulisogeza karibu na Hajiri, ni kukufuru au angalau ni kucheza na maneno. Nakubali nusu ya kwanza bila kinyongo. Rada haimjali bibi yule, ikimkosa haitajuta. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inaniunga mkono. Kwa kuwa mashine haioni, basi kila inachokitambua na kila inachokikosa kimechaguliwa na mtu: aliyeandika masharti ya zabuni, aliyeamua kitambuzi kielekezwe barabarani tu au pia ukingoni, aliyepanga kikomo cha muda wa nyongeza. Mashine ni wakili, na kwa mafundisho ya dini zetu, kumweka wakili hakuondoi dhima ya aliyemweka. Mwenye kukabidhiwa amana ya watu wengi ataulizwa juu ya wale aliowasahau, na jibu la kwamba kifaa hakikuwa na uwezo huo halitamfaa ikiwa kifaa chenye uwezo kilikuwepo dukani.

Pingamizi lingine ni gumu zaidi, na watu wema hulitoa. Wanasema haki ni kipofu, na afadhali taa inayofuata saa tu, sekunde 40 huku na 40 kule, bila kujali nani yupo, kuliko taa inayotazama na kuchagua, kwa sababu kutazama ndiko kunakoleta upendeleo. Ukweli uliomo humu ni kwamba saa haina shemeji. Lakini taa ya saa nayo si kipofu. Ni yenye kumbukumbu. Sekunde 40 zile zilitokana na hesabu iliyofanywa siku fulani, na watu waliotumwa kuhesabu magari, na baada ya hapo barabara imebadilika, soko limehama, shule imefunguliwa upande wa pili. Inaendelea kuwatendea waliopo leo kwa kuwatazama waliokuwapo zamani. Tena usawa wa muda si usawa wa haja. Saa nane usiku inamsimamisha mtu mbele ya barabara tupu, kisha saa mbili asubuhi inawafungia wanafunzi mia moja baada ya sekunde zilezile ilizompa mmoja. Kufumba macho ni sifa ya hakimu anayeepuka kuona cheo. Si sifa ya hakimu anayeepuka kuona kama kuna mtu kizimbani. Jaribio lililofanywa London mwaka 2014, karibu na vituo vya treni vya Balham na Tooting Bec, lilitumia kamera kukadiria wingi wa watu wanaosubiri ili muda wa kuvuka uongezwe wakiwa wengi. Halikuuliza ni akina nani. Lilihesabu ni wangapi.

Hapo ndipo pingamizi la tatu linapoingia, nalo ndilo ninaloliogopa kweli. Jicho linalomwona mnyonge ni jicho pia linaloweza kumfuatilia. Kamera iliyowekwa kuhesabu wanaovuka inaweza kesho kusoma nyuso, keshokutwa kutunza kumbukumbu za nani alikwenda msikitini au kwenye mkutano gani. Mwenye hofu hiyo hana wazimu, na simjibu kwa kumwambia kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Namjibu kwa jina jingine ambalo waumini humwitia Mwenyezi Mungu: yeye aonaye ndiye huyohuyo Msitiri. Katika lugha yetu kusitiri si kutokuona. Ni kuona kisha kufunika, kujua haja ya mtu bila kumwanika. Jirani mwema anajua nyumba fulani haikupika jana, na anapeleka sahani jioni, bila kutangaza uani. Kipimo hicho kinaweza kuandikwa kwenye zabuni. Rada ndogo inajua kuna mwili ukingoni na haijui uso wake. Kitambuzi cha joto kinaona umbo lisilo na jina. Hata kamera inaweza kutakiwa isome picha palepale kwenye nguzo, itoe namba ya wanaosubiri, na picha isitunzwe. Mji unaochagua kifaa kinachokusanya nyuso wakati kuna kinachokusanya haja peke yake umechagua kitu kingine mbali na haki ya kuvuka, na wenyeji wana sababu ya kukataa. Lakini dawa ya jicho linaloanika si kurudi kwenye waya unaowaona wenye chuma peke yao. Huko, wenye magari wanahudumiwa bila kuulizwa majina, na wa miguu wananyimwa huduma kwa kisingizio cha kulinda faragha yao.

Kwa swali hili la jicho lipi liwekwe barabarani, Nairobi na Dar es Salaam zina jibu lao la siku zote: askari wa trafiki. Saa za foleni yeye huingia katikati ya makutano, taa zinawaka nyuma yake bila mtu kuzitii, naye anaongoza kwa mikono. Wako wanaosema huyo ndiye kitambuzi bora, kwa kuwa ana macho ya kweli, na wana hoja: anaona ambulensi kabla haijalia, anaona kipofu mwenye fimbo. Ila askari naye ana urefu wa mtu, na anaona foleni iliyo mbele ya uso wake, si mkia wake ulioko kilomita mbili nyuma. Anaona pia mambo ambayo rada haiyaoni, kama vile bendera kwenye boneti. Kinshasa, ambako mwaka 2013 walisimamisha barabarani roboti za alumini zenye umbo la mtu na macho ya kamera, kazi iliyoongozwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, walijaribu kuunganisha yote mawili: mkono ambao dereva anauelewa na jicho lisilojua vyeo. Sidhani askari anapaswa kuondolewa. Ninachosema ni kwamba hata yeye, mwenye macho mazuri kabisa, anahitaji kuambiwa awatazame akina nani. Ukingoni mwa barabara zetu kuna watu wanaosubiri nyuma ya mgongo wake, na mkono wake unaposema simama huwa umegeukia magari.

Isidhaniwe kwamba kitambuzi cha juu ya nguzo hakikosei. Lori kubwa linaficha bodaboda iliyo nyuma yake. Jua la magharibi linaipofusha kamera, kivuli cha mti kikatambuliwa kama gari. Rada za zamani ziliona mwendo tu, kwa hiyo aliyesimama kimya alitoweka machoni pao, na ilibidi kisanduku cha taa kikumbuke kwamba aliwahi kufika. Lakini ndani ya visanduku hivyo, hasa vya Uingereza, kuna kanuni moja ya mafundi ambayo nimeitafakari kuliko yote niliyoyataja. Kitambuzi kikiharibika, mfumo ukagundua kwamba hakiaminiki tena, haupangwi kudhani kwamba hakuna mtu. Unapangwa kudhani kwamba yupo. Zamu ya upande ule inaitwa katika kila mzunguko, usiku na mchana, hata kama barabara ni tupu, mpaka fundi aje na ngazi yake. Inapoteza muda, na wenye magari hulalamika. Waliopanga hivyo hawakuwa wakihubiri. Walijua tu kwamba kumsimamisha mtu bila sababu kwa nusu dakika ni hasara inayovumilika, na kumwacha mtu asubiri zamu isiyokuja kamwe si hasara ya aina hiyo.

Kanuni hiyohiyo inaweza kusogezwa hatua moja mbele, na imesogezwa. Mwaka 2021 mamlaka ya usafiri ya London ilibadilisha taa za vivuko kadhaa mjini humo. Kawaida ya vivuko ni magari kupewa kijani muda wote na mtembea kwa miguu kuomba. Kwenye vivuko hivyo wameipindua. Yule mtu mdogo wa kijani anawaka bila kubonyezwa, saa baada ya saa, na anayefika kwa miguu anavuka tu, kama mtu anavyovuka uani kwake. Kitambuzi kinatazama upande wa magari. Gari likikaribia linaonwa, kijani cha watembea kwa miguu kinazimwa kwa utaratibu, waliokuwa kati wanamaliza kuvuka, na dereva anapewa zamu yake. Akishapita, mtu wa kijani anarudi. Magari hayajanyimwa kitu, kwa kuwa yanaonwa. Ila sasa dereva ndiye anayebisha hodi.